Tia Kivuli Upande Usioutaka

Bwenini, Dagoretti
2 Februari 2025

Baba mpendwa,

Natumai mashine haijakumaliza nguvu wiki hii. Anti Kasyoka aliniambia kwenye simu ya shule kwamba sasa umezoea, unaingia hospitalini Upper Hill ukiwa umebeba gazeti, damu inasafishwa wewe unajaza chemshabongo. Sikujua kama ni kweli au ananipoza tu. Tangu Oktoba ulipoanguka darasani mbele ya wanafunzi wako, kila mtu ananiambia mambo nusu nusu.

Habari zangu ni mbaya na najua hupendi kuzungushwa. Nimepata saba kwa hamsini kwenye jaribio la hesabu. Zilizoniangusha ni hizi hesabu za "si zaidi ya" na "si chini ya", ambazo wewe umeziita hesabu za mipaka tangu nikiwa mdogo. Kuchora mistari naweza. Nikishachora, hapo ndipo napotea, kwa sababu sijui nitie kivuli upande upi.

Na Joyline ananichanganya zaidi. Huyu ni jirani yangu mpya wa dawati, alihamia kutoka shule inayofuata mtaala wa ng'ambo. Huko kwao mtu hutia kivuli upande anaoutaka. Hapa kwetu tunafundishwa kutia kivuli upande tusioutaka. Juzi aliniuliza, "Wee, unashade aje kitu hutaki? Si hiyo ni kazi ya bure?" Nikajifanya natafuta rula, na mimi ni mtoto wa mwalimu wa hesabu! Niliona aibu.

Baba, huu ni mwaka wa mwisho. Nisaidie. Kwenye simu tunasukumana foleni nzima na dakika zinaisha kabla hujamaliza kukohoa, kwa hiyo niandikie. Mwalimu Ochola wa hesabu hupita Woodley akienda kwake, amekubali kubeba barua.

Mwanao,
Nthenya


Woodley
11 Februari 2025

Mwaitu, mama yangu wa pili,

Saba kwa hamsini. Bibi yako uliyerithi jina lake hakuingia darasa hata moja, na angepata nane.

Sasa tulia nikufundishe. Mimi naruhusiwa kunywa nusu lita kwa siku, yaani vikombe viwili. Figo zimegoma kutoa maji, kwa hiyo kinachoingia hakina pa kutokea. Tuseme x ni vikombe vya chai na y ni vikombe vya uji. Sharti la daktari ni hili: x na y vikijumlishwa visizidi viwili. Chora mstari wa x + y = 2. Uchore mzima, usiukatekate, kwa sababu viwili kamili naruhusiwa. Mtu akiwa na ruhusa ya kusimama juu ya mpaka wenyewe, mstari huwa mzima.

Kisha pima nukta. Usikisie! Chukua sifuri na sifuri: sikunywa chai, sikunywa uji. Jumla ni sifuri, haizidi mbili, kwa hiyo upande ule wa sifuri ni mzuri. Basi tia kivuli upande wa pili, kule kwenye vikombe vitano vya chai ambako Anti yako angependa kunipeleka. Chini ya sifuri pia tia kivuli, maana hakuna anayekunywa chai kasoro. Hiyo pembetatu ndogo nyeupe iliyobaki pale kwenye kona ndiyo chai yangu yote na uji wangu wote duniani.

Mwambie Joyline hivi. Masharti huja mengi. Ukitia kivuli unachotaka, mwishoni utakuwa unatafuta mahali ambapo vivuli vitano vimepandana, na macho yataingia kizunguzungu. Ukitia kivuli usichotaka, kila sharti linafuta sehemu yake, na kinachobaki cheupe ni chako. Ndiyo sababu wazee wetu wa chaki walichagua hivyo. Kila mtu afuate desturi ya kwao, lakini asichanganye mbili kwenye karatasi moja. Hapo ndipo watu hufa.

Kuhusu gazeti ni kweli. Chemshabongo siimalizi, mrija uko shingoni kulia, mkono wa kushoto ndio ulio huru na mimi si wa shoto.

Kiu ndiyo mbaya. Namumunya kipande cha barafu kama mtoto. Lakini jikaze kisabuni, nami najikaza.

Baba yako,
Masila


Dagoretti
16 Machi 2025

Baba mpendwa,

Ishirini na tisa kwa hamsini! Nimeitia kivuli chai yako mpaka Joyline akasema anasikia kiu.

Sasa nina jambo ambalo nimelibeba wiki nzima na haliniachi nilale. Bi Everlyn wa bayolojia alitufundisha figo. Alisema binadamu anaweza kuishi na moja tu, mpaka uzee. Nilibaki nyuma baada ya kipindi, nikamuuliza kila kitu. Mimi ninazo mbili, Baba. Kundi langu la damu ni sawa na lako, niliona kwenye kadi ya kliniki. Anti alipimwa akakataliwa kwa sababu ya sukari, na mama hayupo tena. Nani mwingine amebaki kama si mimi?

Bi Everlyn anasema wanaotoa figo lazima wawe wametimiza miaka kumi na minane. Nitaitimiza tarehe tisa Novemba. Mstari mzima, Baba, hata siku yenyewe inaruhusiwa. Mtihani wa hesabu utakuwa umekwisha au unakaribia kwisha. Nimalize, nije moja kwa moja hospitalini na sare yangu.

Sema ndiyo. Sijawahi kutaka kitu hivi.

Nthenya


Woodley
24 Machi 2025

Nthenya,

Hapana.

Nilizaa mtoto, sikuzaa vipuri. Usiniandikie tena habari hiyo, na usimuulize tena Bi Everlyn. Kazi yako ni kusoma.

Karatasi uliyonitumia ina kosa namba nne. Umechora mstari mzima mahali palipotakiwa uliokatika.

Masila


Ngara
11 Mei 2025

Nthenya wangu,

Niko dukani, nimekaa juu ya robota la mapazia, wateja wameadimika kwa ajili ya mvua. Mimi si mtu wa barua, mkono wangu umezoea kupima kitambaa, kwa hiyo vumilia.

Likizo yote ya Aprili wewe na baba yako mlikaa nyumba moja kama wapangaji wawili. Anatoka sebuleni, unaingia. Na sasa shule imefunguliwa na hujamwandikia hata mstari. Unafikiri alikukataa kwa sababu ya ukali. Mimi nilikuwa pale siku ilipofika barua yako ya Machi. Aliisoma, akaikunja, akaniambia, "Kasyoka, huyu mtoto anataka kujikata kwa sababu yangu." Kisha alilia mpaka jirani wa nyumba ya pili akaja kuuliza kama kuna msiba. Mimi sijawahi kumwona kaka yangu akilia, hata mama yako alipofariki alijikausha.

Kuna jambo jingine. Aliniapisha nisikwambie kwa mdomo, basi mdomo nimeufunga, naandika. Ule mrija wa kupitishia damu ulikuwa shingoni kulia ukaziba. Wakahamia kushoto, ukaziba pia. Sasa uko kwenye paja. Daktari ni mtu mzuri, mpole, alitukalisha akasema mishipa ya mwanadamu ina mwisho, na ya Masila ni myembamba. Nikamuuliza, "Daktari, sasa tuseme mpaka lini?" Baba yako akamkatiza: "Usimjibu. Nitahesabu mwenyewe."

Mwandikie. Mpe hesabu hata zile za kitoto. Siku Mwalimu Ochola anapoleta barua yako baba yako huwa anavaa shati la kutokea.

Anti yako,
Kasyoka


Woodley
8 Juni 2025

Mwaitu,

Nimepata barua zako tatu mfululizo na hesabu zote. Umeendelea vizuri. Nimeona pia kwamba katika kila barua, mwishoni, umeandika neno moja tu: "Novemba?" Una kichwa kigumu, na najua ulikokitoa.

Haya, nimesalimu amri nusu. Mimi na wewe hatujui kuongea, likizoni tuliona. Tunajua kuchora. Nakupa masharti matatu. Chora mwenyewe. Ukipata eneo jeupe, hata kama ni dogo la kutosha ncha ya penseli, nitanyamaza na tutakwenda wote kwa daktari. Usipopata, nawe utanyamaza, na hutanilaumu.

Mhimili wa x ni miezi ya mwaka huu, Januari ni moja, Desemba ni kumi na mbili. Mhimili wa y ni mara ninazosafishwa damu kwa wiki.

Sharti la kwanza ni lako. Huruhusiwi kutoa figo kabla ya Novemba. Kwa hiyo x si chini ya kumi na moja.

Sharti la pili ni la mishipa yangu. Kadiri miezi inavyosonga, ndivyo inavyokataa. Nimechukua aliyonieleza daktari na ninayoyaona mwenyewe, nikapiga mstari: x ukijumlisha na mara mbili ya y visizidi kumi na mbili.

Sharti la tatu ni la mashine. Nikisafishwa chini ya mara mbili kwa wiki, maji yanapanda mpaka kwenye mapafu, na basi. Kwa hiyo y si chini ya mbili.

Hayo tu. Chora kwa utulivu, upime nukta. Mimi nilishachora.

Baba


Dagoretti
15 Juni 2025

BABA!

Lipo! Eneo lipo! Nimekuambatishia karatasi, itazame pale chini kulia.

Nitakueleza nilivyofanya ili usiseme nimebahatisha. Tulikuwa prepu, masomo ya usiku. Nilichora mstari wa Novemba, wima, nikatia kivuli kila kitu cha kushoto, miezi yote hii ya kusubiri nikaifuta. Nilifurahi kuifuta. Kisha ule wa mishipa unaoshuka kama mteremko. Nilipima sifuri na sifuri, ikakubali, nikatia kivuli upande wa juu. Hapo nilisimama na rula hewani kwa sababu sehemu nyeupe ilikuwa imebaki kidogo sana na kengele ilikuwa karibu kulia. Joyline akaninyang'anya rula, akasema, "Leta hiyo ya mwisho nikumalizie, unatetemeka mpaka dawati inacheza." Akachora y ni mbili, akatia kivuli juu yake kote hadi ukingo wa karatasi, kwa penseli yake ya kijani. Kengele ikalia.

Na pembetatu ikabaki, Baba. Ndogo, nyeupe kabisa, kati ya Novemba na Desemba. Inafanana na ile ya chai yako! Sikupata muda wa kupima nukta lakini hata kipofu anaiona.

Nilipiga kelele bwenini mpaka matroni akaja na kiboko. Nilimwambia baba yangu atapona Novemba. Akanishika bega akaniambia nilale.

Umeahidi. Mwalimu Masila harudi nyuma kwenye neno lake. Nasubiri kalamu yako nyekundu.

Mwanao mwenye figo mbili, moja ikiwa yako,
Nthenya


Woodley
29 Juni 2025

Mwaitu,

Nimechelewa kujibu, unisamehe. Karatasi yako nimekaa nayo.

Nimeisahihisha. Vema. Kumi kwa kumi.

Sasa usiirudie hiyo tena. Iweke, ushike masomo mengine, kemia yako ni aibu ya ukoo. Nataka nione alama za mtu mwenye furaha.

Tutakwenda kwa daktari wakati ukifika.

Nakupenda. Sijui kama niliwahi kukuandikia hivyo, na kalamu imeshaandika.

Baba


Dagoretti
14 Septemba 2025

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni bwenini, sanduku langu liko wazi mbele yangu. Karatasi yako yenye vema nyekundu niliibandika ndani ya kifuniko tangu Juni. Kila asubuhi nikifungua kutoa sabuni, naiona. Wenzangu wamebandika wachezaji na mistari ya Biblia. Mimi nilibandika hesabu, na nilikuwa nikiringa nayo.

Likizo ya Agosti ulikuwa ukikaa na blanketi miguuni hata juani. Ulisema ni baridi ya Woodley. Siku moja lilianguka nikaona miguu yako imevimba. Ulicheka, ukasema viatu vilikubana. Nami nikakubali, kwa sababu nilikuwa na karatasi yangu.

Juzi tulirudishiwa moku, ule mtihani wa majaribio. Swali la mipaka lilikuwepo, nikapata mbili kwa kumi. Mwalimu Ochola aliniita mezani. Akaniuliza, "Nthenya, hapa mbona umepaka mahali unataka, na hapa umepaka mahali hutaki? Wewe uko shule gani?" Alicheka, darasa likacheka. Ni Joyline, Baba. Ni vile tulivyosoma pamoja, desturi yake imeniingia mkononi bila kujua, na kila ninapofika mstari wa tatu naufanya kama yeye alivyoufanya Juni.

Nilitoka darasani bila ruhusa. Nilikuja hapa nikafungua sanduku nikafanya kile ulichoniambia Februari nikakipuuza. Nilipima nukta. Nilichukua kumi na moja na sifuri, ile kona ya pembetatu. Novemba, na kusafishwa damu mara sifuri kwa wiki.

Sifuri, Baba. Nukta zote za pembetatu hiyo ziko chini ya moja. Niliyokuwa nikiishangilia miezi mitatu ni Novemba ambayo hakuna anayekusafisha damu. Ambayo huhitaji tena kusafishwa.

Nimechora upya, polepole, kwa desturi yetu. Novemba, nikafuta kushoto. Mishipa, nikafuta juu. Mashine, nikafuta chini ya mbili. Penseli ilifika kwenye ile pembetatu nikaitia kivuli kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeiangalia karatasi nzima, nimeigeuza hata nikaishika kwenye dirisha. Hakuna palipobaki peupe. Mstari wa mishipa unakutana na wa mashine mwezi wa nane, na mwezi wa nane umepita.

Wewe ulimpa sifuri mtoto wa mwalimu mkuu akaja kukulilia ofisini, ukakataa kuibadilisha. Wewe ulinikatia alama kwa mstari ambao haukukatika. Ukaiona karatasi ile, ukaona kijani cha Joyline, ukajua, ukanipa kumi kwa kumi. Kwa nini? Ungeniambia Juni ningekuja kukaa na wewe. Ningeacha hii shule. Nimepoteza miezi nikikariri kemia!

Nina hasira na wewe hata mkono unauma. Na bado nakuomba: nimekuambatishia hii mpya, ichukue, tafuta kosa. Wewe hukosi kuona kosa. Niambie nimekosea, Baba, tafadhali. Niambie ni saba kwa hamsini.

Nthenya


Wodini, Upper Hill
23 Septemba 2025

Nthenya wangu,

Naandika kwenye benchi la nje ya wodi, karani wa hapa kanipa karatasi. Baba yako amelazwa tangu Ijumaa. Mrija wa paja nao umekataa. Walijaribu mguu wa pili, wakajaribu kwa muda mrefu, mimi nikiwa nje nasali kwa sauti mpaka wakaniambia ninyamaze.

Mwalimu Ochola aliileta barua yako hapa hapa. Nilimsomea baba yako. Mimi hesabu hazipandi, lakini nilipofika kwenye pembetatu nikaelewa, nikashindwa kuendelea. Akaniambia, "Soma, Kasyoka. Soma yote." Nikasoma mpaka mwisho. Akaomba nirudie.

Sasa nikwambie kuhusu Juni, maana nilikuwepo. Aliipokea karatasi yako ukiwa umeandika BABA kwa herufi kubwa. Aliiangalia sekunde moja tu akajua. Aliketi nayo mezani na kalamu nyekundu, siku ya kwanza, siku ya pili, nikamuuliza ana nini. Akasema, "Nilimtungia hili swali ajionee mwenyewe, nisiwe mimi wa kumwambia. Na sasa hakuona." Nikamwambia basi mwandikie amekosea, si ndiyo kazi yako? Akanijibu, "Tazama hii barua. Huyu mtoto hajafurahi hivi tangu mama yake alipokuwa hai." Siku aliyoweka ile vema hakula.

Leo, baada ya kukusikiliza, akaniambia, "Nipe kalamu nyekundu." Nikampa ya bluu, ndiyo niliyokuwa nayo. Akanikemea! Kwa ile sauti iliyobaki, akanikemea mbele ya nesi. Nesi akatafuta nyekundu. Nikamshikia karatasi yako mpya juu ya kitabu cha nyimbo. Aliipima, Nthenya. Aliweka ncha ya kalamu hapa na pale, midomo ikitembea. Kisha akaweka vema. Ilianzia kwenye karatasi ikaishia kwenye shuka.

Akasema nikwambie maneno haya, nimeyaandika palepale nisiyabadilishe: "Mwambie hajakosea. Ile ya Juni mimi ndiye niliyekosea, na ikiletwa tena leo nitakosea tena."

Nimeongea na mwalimu mkuu. Kesho asubuhi nakuja kukuchukua. Vaa sweta, huku wodini kuna baridi. Vitabu viache.

Anti Kasyoka


Dagoretti
9 Novemba 2025

Anti mpendwa,

Leo nimetimiza miaka kumi na minane. Joyline alianza kuimba asubuhi, nikamwomba anyamaze, akanyamaza. Amekuwa akinitazama kama aliyeniibia kitu. Nimemwambia si yeye, na hanisadiki.

Figo zangu zote mbili ninazo. Kuanzia leo sheria inaniruhusu. Nilikaa kitandani nikaweka mikono kiunoni, pale Bi Everlyn alipotuonyesha, nikazichukia. Sitaki uniambie ni dhambi.

Nashukuru ulikuja kunichukua siku ile. Najua ulitaka kunifariji uliposema alinisikia. Mimi nilimshika mguu na haukujua umeshikwa, tangu tulipoingia mpaka walipovuta pazia. Kule nyumbani tulipomzika, wanafunzi wake walisema alikuwa mkali kwa kalamu, hakuwahi kumpa mtu alama asiyostahili. Nilikuwa nimesimama karibu nao.

Hesabu tumemaliza. Swali la mipaka lilikuwepo kwenye karatasi ya pili, habari za mwoka mikate na keki na sijui nini. Nilichora, nikapima nukta, nikatia kivuli nisichokitaka. Eneo jeupe lilibaki, kubwa, la mwoka mikate huyo ambaye hata hayupo. Nitapata alama zote za swali hilo. Nilitamani kuichana.

Umeniuliza ile karatasi ya pili, ile yenye vema ya kweli iliyofika kwenye shuka, uiweke wapi. Sitaki kuiona, Anti. Ichome au ifukie, fanya unavyoona. Usinitunzie.

Ya kwanza ninayo mimi. Kabla ya mtihani wa kitaifa tuliamriwa tubandue kila kitu kwenye masanduku, kila kipande chenye maandishi, watu wa mtihani wasije wakasema tunaiba. Matroni alipita kitanda kwa kitanda akifungua vifuniko, akichana wachezaji na mistari ya Biblia. Alipofika kwangu nilishika kifuniko kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Matroni, hiyo si ya kusomea. Jibu lake si sahihi, haiwezi kumsaidia mtu." Akauliza kama si sahihi, mbona imewekwa vema? Nikamwambia ilisahihishwa na baba yangu.

Aliitazama kidogo. Akakifunga kifuniko mwenyewe, akaenda kwenye sanduku linalofuata.

Wako,
Nthenya